Usimtumie huyo mtumishi hiyo laki tatu

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza uombe saa ngapi, ufunge siku ngapi, na kama ni lazima unene kwa lugha ili ukue kiroho. Halafu katikati ukachomeka kwamba kuna mtumishi wa Mungu amekuambia maombi yako "hayapenyi", umtumie laki tatu akubebee mahitaji yako siku 40. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, nikayaamini miaka miwili na nusu.

Kwangu ilianza na bahasha. Kila Jumapili 20,000, juu yake naandika mahitaji: kazi, ada, kesi ya shamba la baba. Yakaja mafuta. Ikaja sadaka wanayoiita "mbegu ya kuvunja madhabahu za ukoo", nikauza kiwanja changu cha Chanika kwa milioni 4.5. Kiwanja kinaniuma mpaka leo, lakini hasara kubwa si hiyo. Niliacha kuomba. Nipige magoti ya nini, na kuna mtu nimemlipa anipigie?

Usiku mmoja mwanangu wa miaka mitatu akashikwa na degedege. Nimempakata, macho yamegeuka juu, taya zimekaza, mke wangu yuko nje anahangaika na bajaji. Nikafungua mdomo niombe. Hakikutoka kitu. Nimeokoka miaka 11, nikakosa hata sentensi moja ya kumwambia Mungu. Nikampigia yule mtumishi niliyemlipa, simu haipatikani. Nikampigia msaidizi wake, akaniuliza kama nimeshamalizia mbegu. Mke wangu akarudi ndani, akamchukua mtoto, akaanza "Baba yetu uliye mbinguni" kwa sauti yake ya kawaida kabisa, akarudia na kurudia mpaka bajaji ikafika. Ilikuwa malaria. Mtoto alitibiwa akapona, sasa yuko darasa la nne.

Yule mtu bado ananikera, na si kwa ajili ya pesa. Alituhubiria Waebrania 4:16, kwamba tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri, kisha akasimama mlangoni akatutoza kiingilio. Na Matendo 8 aliijua vizuri, pale Simoni mchawi anapotaka kununua karama ya Mungu, na Petro anamwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye.

Sisemi usiombewe. Yakobo 5 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, na tuombeane. Ila omba mwenyewe kwanza, kila siku, hata kama ni dakika kumi, ndipo umwendee mtu. Wanafunzi hawakumwambia Yesu awasalie. Walisema, "Bwana, tufundishe sisi kusali."

Bibi yangu kule Bukoba alikuwa mlokole wa uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Saa kumi alfajiri anakunja kanga mara nne, anaiweka chini ya magoti, anataja watu jina kwa jina. Nikiwa mdogo nilimsikia akitubu kwamba amemsema vibaya jirani kwa sababu ya kuku. Kulipokucha alikwenda kwa huyo jirani kuomba msamaha, mimi nimembebea kikapu cha ndizi. Kukua kiroho nilikuona pale, kwa mtu aliyepita miaka 70 na bado Mungu anamnyoosha kila asubuhi. Hata Danieli alitupwa kwa simba akiwa mzee, na kosa lake lilikuwa kupiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyozoea. Mazoea hayo hakuna aliyemshikia.

Mimi nilirudi kwa zaburi moja kila siku, naisoma kwa sauti, halafu naongeza maneno yangu mawili matatu. Wiki za kwanza yalikuwa makavu kabisa. Nilipofika Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila jibu, nililia, maana sikujua kama mtu anaruhusiwa kuomba hivyo.

Kesho ukiamka funga mlango, fungua Zaburi ya 3. Ina mistari minane tu. Na simu ya huyo mtumishi usiipokee mpaka umeimaliza.