Maswali Yenu: Nyayo Topeni, Pezi Baharini

SWALI: Kwenye tope karibu na zizi la mbuzi nimekuta nyayo zisizo na alama za kucha. Jirani anasisitiza kuwa ni chui. Je, kukosekana kwa kucha kunatosha?

JIBU: Hakutoshi. Mbwa akipita kwenye ardhi ngumu huenda kucha zisiache alama. Chui naye akiteleza hutoa kucha ajishikize, na duma, ingawa ni jamii ya paka, kucha zake huonekana karibu kila mara kwa kuwa hazifichiki zote.

Anzia kisiginoni, yaani ile alama kubwa iliyo nyuma ya vidole. Ukingo wa nyuma ukiwa na vibonge vitatu, una jamii ya paka. Halafu vidole: vya mbwa vimekaa sawasawa kulia na kushoto, na nafasi iliyopo kati yake na kisigino inakuruhusu kuchora alama ya X bila kugusa chochote. Kwa chui X haipiti, kisigino kipana kinaizuia. Tena kidole kimoja kati ya vile viwili vya katikati humtangulia mwenzake. Kikiwa upande wa kushoto, huo ni mguu wa kulia. Fisi huacha alama za kucha butu, na wayo wa mbele ni mkubwa waziwazi kuliko wa nyuma.

Pima upana wa sakafu ya wayo, yaani chini ya shimo lake, si mdomo wake wa juu, kwani tope likibomoka paka hugeuka chui. Wayo wa paka wa nyumbani una sentimita 3 hivi. Wa chui mzima hufika 7 au zaidi. Kagua nyayo kadhaa, maana mguu wa nyuma mara nyingi hukanyaga palepale ulipokanyaga wa mbele na kuvuruga umbo. Picha ipigwe kutoka juu, rula ikiwa kando, asubuhi au jioni ili kivuli kichore kingo. Ukiweka kiatu badala ya rula, basi tutajie saizi yake!

SWALI: Pezi likitokeza majini, nitajuaje ni papa au pomboo?

JIBU: Tazama mwendo kabla ya umbo. Pomboo huibuka kuvuta pumzi, kwa hiyo pezi hupanda, hujipinda na kuzama, kisha hutokea tena mbele kidogo. La papa hukata maji bila kupanda na kushuka, na nyuma yake mara nyingi huonekana ncha ya mkia ikiyumba kushoto na kulia.

Ukiona pua na mgongo mpana bila pezi lolote, penye majani ya bahari na kina kifupi, huyo huenda ni nguva, yule mnyama mkubwa wa baharini. Zima injini.