Mlioniuliza kuhusu dini na huzuni ya wanafunzi

Nimejibu manne tu manake stima hapa Lamu leo yakatika katika.

"Mwalimu, binti yangu yuko chuo Kilifi, hali wala halali, asema Mungu amemwacha. Babake asema ni imani ndogo." (Mama, Langoni)

Mamangu, si imani ndogo. Soma Suratu Maryam aya ya 23, Maryam mwenyewe kwenye uchungu wa uzazi anasema laiti ningekufa kabla ya haya, sasa yeye nae hana imani? Na tizama alivyojibiwa, aliambiwa tikisa shina la mtende, ule, unywe, utulie. Na nyinyi wa kanisani mna Eliya, Wafalme wa Kwanza 19, amechoka anaomba afe, malaika anamletea mkate na maji halafu analala tena. Babake apande gari aende Kilifi na chupa ya uji, mawaidha yatangoja.

"Nimefeli mitihani, najua Mungu ananiadhibu. Niongeze ibada?" (Mwanafunzi, Malindi)

Mwanangu, hili ndo limenikosesha usingizi. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Kenneth Pargament, amechunguza haya miaka mingi, na yanayoonekana ni kwamba anaemuona Mungu kama kimbilio huwa anavumilia shida vizuri kuliko anaeona kila shida ni hasira ya Mungu, huyo wa pili huzidi kuzama, na dini ni hiyo hiyo moja. Mie nilikuwa na mwanafunzi akitawadha kwa birika mara kumi na zaidi, vidole vimekunjana kama vya dobi, akisimama kuswali tu ahisi udhu umetoka arudi tena, na sisi watu wazima tukamsifu ucha Mungu kumbe ni ugonjwa wa wasiwasi na mtoto yuateketea. Kwa hivyo nakuuliza wewe, hiyo fikra ya adhabu imeshakufikisha kutaka kufa? Kama ndio usilale peke yako leo, mwambie mtu wa nyumbani, na piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.

"Rafiki yangu asema bora afe. Nikimuuliza si nitamtia wazo? Na polisi je?" (Shela)

Muulize waziwazi, wafikiria kujiua? Hutamtia wazo, wengi huwa wanapumua kuulizwa. Usianze na haramu na moto, hiyo anaijua, ndo maana aona haya kusema. Kuhusu polisi, kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kinakiuka katiba, basi nendeni hospitali ya King Fahd bila uoga, na usimuache peke yake njiani.

"Kombe na dawa za hospitali zaenda pamoja?" (hakutaja mtaa)

Zaenda. Kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Qurani, anywe, vidonge asiache. Mganga akimwambia atupe vidonge, vaeni viatu vyenu mtoke.