Jibu: Aliyecheza Meja Strasser alikuwa Mnazi kweli?

Hapana ndugu, huyo jamaa uliyemwona kwenye filamu ya Casablanca, akicheza Meja Strasser, afisa wa Kijerumani, hakuwa Mnazi (mfuasi wa chama cha Hitler) hata kidogo. Aliwakimbia! Ni Conrad Veidt, mzaliwa wa Berlin, 1893, na alikuwa nyota mkubwa wa filamu zisizo na sauti kwao Ujerumani.

Mtafute kwenye filamu ya Das Cabinet des Dr. Caligari ya 1920. Anacheza Cesare, mtu anayetembea usingizini. Angalia pale anapoamshwa ndani ya sanduku lake lililosimamishwa: uso umepakwa weupe, macho yanafunguka polepole mpaka yanakodoka. Hasemi neno, lakini mwili unakusisimka. Kwangu mimi hakuna wa enzi ile aliyemfikia kwa macho.

Akaenda Hollywood, sauti ilipoingia kwenye filamu akarudi kwao. 1933 Wanazi wakashika nchi. Mkewe Lily alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Veidt, ambaye hakuwa Myahudi, alijaza kwenye fomu ya kueleza asili yake kwamba na yeye ni Myahudi. Wakahamia Uingereza, akapata uraia huko. Alifariki Los Angeles 1943 kwa mshtuko wa moyo, akicheza gofu, ana miaka 50 tu.

Ukimaliza Caligari, tazama na The Man Who Laughs ya 1928.