"Pamoja" haitazami saa

Msomaji ameuliza: "walifika pamoja" na "walifika kwa wakati mmoja" si mamoja? Si mamoja hata kidogo, na wanaozibadilishana kiholela wanapoteza maana njiani.

Likate neno: pa- ya mahali, kisha -moja. Asili ya "pamoja" ni mahali, ndiyo maana limebeba wazo la kuandamana. Waliofika pamoja waliongozana. Waliofika kwa wakati mmoja, huenda mmoja kaingia kwa mlango wa mbele, mwingine wa nyuma, wala hawajuani.

"Kwa wakati mmoja" usilipunguze. Ondoa "kwa", upate "wakati mmoja alikuwa mwalimu na mkulima": hapo msomaji anaelewa zamani. Ondoa "mmoja", upate "walifika kwa wakati", yaani hawakuchelewa. Na ukiandika "kwa wakati moja" umevunja upatanisho. Ni saa moja, siku moja, lakini wakati mmoja, kwa kuwa wakati umo katika ngeli ya U.

"Kwa pamoja" ni ya ushirika. Waliotoa tamko kwa pamoja wana tamko moja, hata kama saini zao zilipishana siku mbili. "Sambamba" ni ya vitu viendavyo bega kwa bega bila kukutana, kama vyuma viwili vya reli. Wanahabari wameigeuza kuwa kifungua aya, inachosha. "Pamoja na hayo" mwanzoni mwa sentensi mara nyingi ni "licha ya hayo", kwa hiyo angalia.

Lakini mara nyingi kielezi hakihitajiki kabisa. Kazi inafanywa na -ki-: "aliandika akisikiliza redio". Ukitaka kukaza, tia "huku". Kurundika "huku akisikiliza redio kwa wakati mmoja" ni kusema jambo mara tatu. Kosa baya zaidi ni kuandika -ka- mahali pa -ki-: "aliandika akasikiliza redio" ni matendo mawili yaliyofuatana. Jaribu kupachika "kisha" katikati. Ikikubali bila kubadili ulichokusudia, -ka- ni sawa, ikikataa, rudi kwenye -ki-. Methali ya mshika mbili haina kielezi chochote, na bado kila mtu anaona vitu viwili mkononi.

Kielezi kinahitajika hasa pale matendo mawili ya ghafla yana watendaji tofauti. "Taa ilizimika, mlango ukafungwa" ni mfuatano. "Taa ilizimika mlango ukifungwa" inaufanya mlango ufungwe polepole. Hapo andika: "taa ilizimika na mlango ulifungwa kwa wakati mmoja."