Bunduki moja ya pampu kwa kanga na visahani: ichaguliwe vipi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mfanyabiashara wa Kasulu, Kigoma. Kibali changu cha kumiliki shotigani kimepita, na uwezo wangu ni bunduki moja tu. Nataka ya pampu, geji 12. Kazi yake ni kuwinda kanga, kwale na bata kwa leseni, na mara mojamoja kulenga vile visahani vinavyorushwa hewani, maana shemeji yangu ni mwanachama wa klabu ya shabaha na hunialika nikienda kwake. Muuzaji ananiambia nichukue ile fupi nyeusi wanayobeba walinzi wa benki, eti ni ileile. Rafiki yangu naye ananisukumia yenye chemba ya inchi tatu na nusu kwa kuwa "ina nguvu". Natumia mkono wa kushoto. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Muuzaji ana ukweli nusu. Mashine ya ndani ni ileile. Mtutu sio, na kitako mara nyingi sio. Kwa ndege anayeruka, mtutu na kitako ndivyo vinavyokulisha.

Kwa kifupi: tafuta pampu (bunduki inayokokiwa kwa kuvuta na kusukuma kishikio cha mbele) ya geji 12, ambayo ni kipimo cha upana wa mtutu, chemba, yaani pale risasi inapokaa, ya milimita 76 (inchi 3), mtutu wa inchi 28 wenye reli (ukanda wa kulengea) juu yake na choki za kubadilisha, yaani vibano vya mdomoni vinavyokusanya marisaa, kitako kinachokukaa begani, na kitufe cha usalama kilicho mgongoni mwa bodi (mwili wa bunduki nyuma ya mtutu) badala ya pembeni mwa kifyatulio. Jina la kiwanda lije baada ya hayo.

Nianze na mtutu, kwa sababu hapa Tabora nako watu wanakosea papo hapo. Bunduki ya mlinzi ina mtutu wa inchi 18 na nusu hivi, yaani sentimita 47. Imetengenezwa izunguke kwenye korido na kwenye gari, na mdomo wake mara nyingi ni wazi kabisa, hauna nyuzi za kufungia choki. Ukipiga nayo, marisaa yanatawanyika mapema. Kanga akiwa mita 30 yanampita kushoto na kulia. Wengi hudhani mtutu mrefu unaongeza nguvu. Unaongeza kidogo sana, kwani baruti ya siku hizi karibu yote imekwisha kuungua kabla marisaa hayajafika mbali kwenye mtutu. Faida ya inchi 28 ni nyingine: uzito unakwenda mbele, bunduki ikishaanza kumfuata ndege inaendelea kwenda, haisimami ghafla unapobonyeza. Mtutu mfupi unasimama mkononi, nawe unapiga nyuma ya mkia. Inchi 26 nayo inafaa kama utatembea sana kwenye miombo iliyosongamana, lakini kwa visahani 28 ni nzuri zaidi.

Pampu nyingi, kama Remington 870 na Mossberg 500, zinabadilishwa mtutu kwa kufungua kifuniko au skrubu iliyo mbele ya magazini (bomba la risasi chini ya mtutu) tu. Kwa hiyo muuzaji anaweza kukuambia uchukue fupi, mrefu utaongeza baadaye. Usikubali kirahisi. Mtutu ni sehemu ya silaha, hauingii nyumbani kwako kama kifaa cha baiskeli. Waulize polisi waliokupa kibali kabla hujalipa hata shilingi.

Kuhusu chemba ya inchi tatu na nusu (milimita 89): mwambie rafiki yako asante. Chemba hiyo ilikuja kwa ajili ya wawindaji wa mabata bukini wa Marekani wanaotumia marisaa ya chuma. Risasi zake ni ghali, ni adimu huku kwetu, na zinapiga bega hadi mtu anaanza kufumba macho kabla ya kubonyeza. Ya milimita 76 inapokea risasi zake na zile za kawaida za milimita 70, ambazo ndizo utakazozitumia karibu siku zote. Kinyume chake hakifai hata siku moja: risasi ya 76 usiiweke kwenye chemba ya 70, hata kama inaingia. Ganda linafunguka mdomo likiwa halina nafasi, na mgandamizo unapanda vibaya. Kipimo cha chemba kimegongwa ubavuni mwa mtutu. Kisome mwenyewe.

Sasa mkono wa kushoto, jambo ambalo muuzaji hakukuuliza. Pampu nyingi hutupa ganda upande wa kulia. Ukilengea bega la kushoto, tundu la kutolea ganda linakuwa upande wa uso wako. Ganda haliji machoni, linaruka mbele na kulia, ila utaliona likikatiza, na wengine linawatoa kwenye shabaha. Mbaya zaidi ni kitufe cha usalama. Kwenye Remington 870 ni kitufe cha kusukuma kilicho nyuma ya kifyatulio, na kimewekwa kwa ajili ya kidole cha mtu wa mkono wa kulia. Kwenye Mossberg 500 kiko juu, mgongoni mwa bodi, pale kidole gumba kinapolala. Mkono wowote unakifikia. Browning BPS nayo ina kitufe juu, na inatupa maganda chini, hayapiti kabisa mbele ya uso. Ithaca 37, iliyoanza kutengenezwa 1937, pia hutoa maganda chini, ila kitufe chake ni cha kusukuma. Ukipata BPS iliyo safi kwa bei unayoimudu, ichukue. Usipoipata, Mossberg 500 itakutosha. Watu husema 870 ni imara zaidi kwa kuwa bodi yake ni chuma na ya Mossberg ni aluminiamu. Kwenye zote mbili kifungio (kipande kinachoziba chemba) kinajifunga ndani ya chuma cha mtutu wenyewe, si kwenye bodi, kwa hiyo hilo lisikunyime usingizi.

Pampu za Uturuki zimejaa sokoni na nyingine ni nzuri. Kabla ya kununua, uliza choki na kichomozi cha ganda utavipata wapi. Nyuzi za choki hazifanani: choki ya Mossberg 500 haiingii kwenye 870, na ya Kituruki inaweza isiingie popote.

Kitako kikaguliwe dukani, na usione haya. Mwombe muuzaji akuonyeshe kuwa chemba na magazini ni tupu, ukague na wewe kwa kidole. Tazama sehemu moja juu ya ukuta wa upande usio na mtu, fumba macho, pandisha bunduki begani kama unavyofanya siku zote, laza shavu, kisha fumbua. Jicho la kushoto likiona kishanga cha mbele kimekaa juu ya reli, na reli inaonekana kidogo tu, umepata. Ukiona nyuma ya bodi badala ya reli, kitako kiko chini mno kwako, utapiga chini ya ndege. Ukiona reli nzima kama barabara, kiko juu. Halafu angalia pua na kidole gumba cha mkono unaobonyeza: kati yake pabaki nafasi ya vidole viwili hivi. Pua ikigusa gumba, kitako ni kifupi na siku ya kwanza tu utatoka damu. Kikikwama kwapani unapopandisha, ni kirefu. Kufupisha ni kazi ya saa moja kwa fundi, kurefusha ni kuongeza mpira nyuma. Kitako cha kushikia kama bastola, kile kisicho na sehemu ya bega, usikiguse kabisa kwa kazi yako.

Jaribu pia kukoki bila kushusha kitako begani. Hapo ndipo pampu inapowashinda wengi. Ukivuta kishikio nyuma, kifungio kinafunguka, ganda linatoka, nyundo inakaa tayari. Ukisukuma mbele risasi mpya inaingia na kufunga. Mtu akivuta nusu, ganda la zamani halitoki au jipya halipandi, na lawama zinakwenda kwa kiwanda. Vuta hadi mwisho, sukuma hadi mwisho, kwa nguvu. Nunua risasi za bandia za mazoezi, ukoki nyumbani hadi mkono wa kulia, ambao kwako ndio wa mbele, ujue urefu wa safari hiyo.

Kwenye visahani utalihitaji hilo. Kisahani ni kidogo, kama milimita 110 kwa upana, na katika skiti, mchezo ambao visahani hutoka pande mbili, kuna vituo ambapo viwili vinatoka pamoja. Wenzako watakuwa na bunduki za mitutu miwili ya juu na chini, hawana cha kukoki. Wewe piga cha kwanza, koki palepale bunduki ikiwa begani huku macho yakihamia cha pili. Inawezekana, ila usitegemee kuwashinda katika mashindano. Pampu kwenye jozi ni kazi ya ziada. Kwenye trapu, ambayo kisahani hutoka mbele yako na kwenda mbali, ya kisahani kimoja kimoja hutaona tofauti kubwa. Adabu ya kule: kishikio kibaki nyuma na tundu wazi hadi zamu yako ifike, kwa sababu mtutu wa pampu hauvunjwi katikati kama wa zile nyingine, na wenzako hawana njia nyingine ya kujua kama iko tupu. Ukiwa na bunduki inayotupa maganda kulia, yatamfuata aliyesimama kulia kwako. Mwambie mapema mcheke kabla hajakasirika.

Choki tatu zinakutosha. Iliyobana kidogo kwa kwale wanaolipuka miguuni na kwa skiti. Ya wastani kwa kanga, bata na trapu. Iliyobana kabisa utaitumia mara chache. Kipimo cha kawaida ni duara la sentimita 75 kwa umbali wa mita 36 na nusu: choki iliyobana kabisa huingiza humo kama asilimia 70 ya marisaa, ya wastani 60, iliyobana kidogo 50, mtutu wazi 40. Hizo ni namba za vitabuni. Bunduki yako ina tabia yake, na risasi ya aina moja inaweza kufanya vizuri kwenye choki ambayo nyingine inaharibu. Kwa hiyo uwanja ukiruhusiwa, bandika karatasi kubwa, chora katikati umbo la kanga kwa ukubwa wake halisi, piga kutoka umbali unaotarajia kuwinda. Marisaa manne au matano mwilini ndiyo yanayomwangusha. Pakiwa na mianya ambamo kanga mzima anapita bila kuguswa, badilisha choki au sogea karibu. Mita 35 ndiyo mwisho wangu kwa kanga, hata mkono ukiwa mzuri.

Risasi nunua kwa milimita za marisaa, usinunue kwa namba pekee. Namba 6 ya Marekani ni milimita 2.8, namba 6 ya Uingereza ni 2.6, na boksi zote mbili zinaweza kuwa rafu moja. Kwa kanga nachukua 2.8 hadi 3, gramu 32 au 36. Kwale wanahitaji 2.4 hadi 2.6 na gramu 28 hadi 32. Kwa visahani ni 2 hadi 2.4, gramu 24 au 28. Bega litakushukuru ifikapo kisahani cha 25, ambacho ndicho mwisho wa raundi. Risasi za aina ya SG, yenye marisaa ya zaidi ya milimita 8, na AAA ni za mlinzi na wanyama, hazina kazi kwenye ndege. Kwa bata, kumbuka bonde la Malagarasi na Moyowosi ni ardhioevu ya Ramsar (mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu) tangu mwaka 2000. Marisaa ya madini ya risasi yanazama matopeni, bata wanayameza kama changarawe na kufa polepole. Ukipata ya chuma, tumia hayo, na usibane zaidi ya choki ya wastani.

Ukiangukia iliyotumika, kabla ya fedha fanya haya ikiwa tupu. Funga, usibonyeze chochote, vuta kishikio: kisifunguke. Weka usalama, bonyeza kifyatulio, achia, kisha toa usalama. Nyundo ikianguka yenyewe hapo, rudisha bunduki mezani. Tazama ndani ya mtutu kutokea chemba hadi mdomoni dhidi ya mwanga, utafute mbonyeo au pete nyeusi ya uvimbe. Kutikisika kidogo kwa kishikio si ugonjwa. Na ikiwa mpya inapokea risasi mbili tu kwenye magazini, usilete kwangu ikatengenezwe: ndani kuna kijiti cha kiwandani cha kupunguza idadi. Mbili na moja chemba zinamtosha mwindaji wa ndege.

Kibali cha bunduki, kilicho chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, hakikupi ruhusa ya kuwinda. Hilo linasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Anzia kwa afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania), ujue ndege gani, wangapi na wapi. Kuwinda kwa taa usiku au kutokea kwenye gari kumekatazwa. Kama wazee wako walizoea Ugalla, pale sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla tangu 2019, kuwinda kumekwisha.

Ukirudi na bunduki Kasulu wakati wa masika, usiiache ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Unafyonza unyevu na kutu inaanza chini ya kishikio, usipopaona. Futa, paka mafuta mepesi, ifungie kabatini tundu likiwa wazi, na risasi zikae kabati jingine lenye ufunguo wake.