Bili inapanda baada ya mtoto kuambukizwa wodini

Pole sana, dada. Mtoto aliingia kwa manjano tu, akapata maambukizi ya damu humo humo wodi ya watoto wachanga hapa Kisumu, na sasa bili inapanda kila kukicha. Nimeuguza mtoto kwenye wodi kama hiyo.

Usimtoe mapema kwa sababu ya pesa. Antibiotiki ikikatizwa, ugonjwa waweza kurudi, na gharama nayo.

Omba bili ya muda yenye mchanganuo, siyo jumla tupu. Kinachokula pesa ni siku za kitanda, oksijeni, kipimo cha kuotesha damu ili kutafuta vijidudu, na dawa kali kama meropenem pale bakteria aitwaye Klebsiella anaposhinda dawa za kawaida. Pitia kila mstari: sisi tulikuta glavu ambazo baba mtoto alinunua duka la nje zimeandikwa tena. Hakikisha pia mtoto ameongezwa kwenye SHA yako, yaani bima ya afya ya serikali.

Mtafute afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali leo, usingoje siku ya kuruhusiwa. Mwulize kuhusu msamaha au kulipa kidogo kidogo. Wakitaka kuwazuilia kwa sababu ya deni, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2015, kwenye kesi ya akina mama waliozuiliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwamba hiyo ni kinyume cha Katiba.

Kuishtaki hospitali? Ukiona watoto kadhaa wameugua pamoja, omba nakala ya faili na majibu ya maabara, kisha mwone wakili. Ila usihesabu fidia kwenye bili ya sasa. Kesi hizi hukokotwa.

Na akigoma kunyonya au mwili ukipoa, mwite nesi papo hapo.