Monita ya Pili Ina Kazi Gani kwa Mwandishi wa Programu?

Wanaoanza kazi ya kuandika programu huniuliza mara kwa mara wanunue monita ngapi. Nami huwauliza kwanza: unapoandika msimbo, ni kitu gani kingine unachokitupia jicho kila baada ya muda mfupi? Anayetengeneza tovuti hutaja kivinjari. Anayehudumia seva hutaja terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, inayotiririsha kumbukumbu za matukio ya mfumo. Anayejifunza lugha mpya hutaja nyaraka zake. Hicho alichokitaja ndicho kinachostahili monita ya pili. Asiye na jibu namshauri atafute kwanza monita moja nzuri; ya pili ingoje.

Nimefanya kazi kwa kompyuta mpakato peke yake, nikafanya kwa monita mbili, na kwa kipindi nikawa na tatu. Nimetulia kwenye mbili. Faida kubwa ninayoipata ni kupumzika kukariri. Kwenye skrini moja ndogo, jaribio la programu linafeli, unasoma kwamba kosa liko mstari wa 214 na kwamba thamani iliyopatikana si ile iliyotarajiwa, unafungua faili, na kabla hujaufikia mstari huo tayari unarudi kuangalia ile thamani ilikuwa ngapi. Kila ukibadilisha dirisha kuna kitu kidogo cha kubeba kichwani. Ujumbe wa kosa ukikaa upande mmoja na msimbo upande mwingine, hubebi chochote. Akili yote inabaki kwenye tatizo.

Sasa mpangilio, maana hapa ndipo shingo inapoumia. Wengi huweka monita mbili sawasawa, mpaka wa kati ukiwaelekea puani, halafu wanashinda wakitazama moja tu. Matokeo yake kichwa kinapinda upande mmoja siku nzima. Monita unayoandikia msimbo iwe mbele yako kabisa, kibodi ikiwa katikati yake, na ya pili ikae pembeni, imegeuzwa kidogo kukuelekea. Mpangilio wa mpaka katikati unamfaa yule tu anayezitumia zote mbili kwa kiasi kilekile. Ukingo wa juu wa skrini usipite usawa wa macho; ukivaa miwani ya kusomea yenye sehemu mbili, ishushe zaidi, la sivyo utakuwa unainua kidevu ili uone. Umbali wa mkono ulionyooshwa unatosha. Na monita nyingi haziyapi macho nafuu yoyote, kwa hiyo ile kanuni ya 20-20-20 ishike: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa futi 20, yaani kama mita 6, kwa sekunde 20.

Ya pembeni naipenda ikiwa imesimama wima. Monita ya kawaida ya pikseli (nukta za skrini) 1920 kwa 1080, mstari wa maandishi ukichukua pikseli 20, inaonyesha mistari 54 ikiwa imelala. Isimamishe, inaonyesha 96. Kwa kusoma nyaraka, kumbukumbu za seva au mabadiliko ya msimbo wa mwenzako, hiyo ni tofauti unayoihisi siku ya kwanza. Upana wa pikseli 1080 unatosha mistari ya herufi 80 hadi 100 bila shida. Hakikisha tu kwamba stendi yake inazunguka, au kwamba mgongoni ina matundu manne ya kiwango cha VESA ya kufungia mkono wa chuma. Chagua pia paneli (kioo cha skrini) ya aina ya IPS. Zile za aina ya TN zinafifia zikitazamwa kutoka juu au chini, na ukizisimamisha wima udhaifu huo unahamia kushoto na kulia, hata jicho moja likaona rangi tofauti na lingine.

Kabla ya kununua linganisha msongamano wa pikseli, si inchi peke yake. Inchi 24 zenye pikseli 1920 kwa 1080 hutoa takriban pikseli 92 kwa inchi. Inchi 27 zenye 2560 kwa 1440 hutoa kama 109. Hizo zinakaa pamoja vizuri. Inchi 27 za 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, zinafika 163, na ukiiweka kando ya ile ya 92, dirisha linabadilika ukubwa kila linapovuka mpaka. Windows na macOS zinajitahidi kulisawazisha. Kwenye Linux kuna mifumo miwili ya kuonyesha madirisha: X11 inasumbua sana kwa jambo hili, Wayland ina unafuu. Inchi 27 zenye 1920 kwa 1080 siipendekezi kwa msimbo; herufi zinakuwa na kingo chakavu.

Kebo nazo zina mambo yake. HDMI 1.4 hupeleka 4K kwa herzi 30 tu, yaani picha 30 kwa sekunde, na mshale wa kipanya unaburuta; tafuta HDMI 2.0 au DisplayPort 1.2 upate 60. Tundu la USB-C si lazima lipitishe picha, kwa hiyo soma maelezo ya kompyuta yako. MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020, kwa mfano, inakubali monita moja tu ya nje. Adapta za DisplayLink zinavuka kizuizi hicho, ila zinahitaji programu yake na zinakula nguvu ya prosesa.

Kwa nini niliiacha ya tatu? Iligeuka makazi ya barua pepe na ujumbe wa kikundi. Kazi hii inadai mtu ashikilie mambo mengi kichwani kwa pamoja, na kitu kinachomeremeta pembeni ya jicho kinayamwaga yote. Ujumbe nimeuhamishia kwenye eneokazi la pili lisiloonekana, naufungua nikiamua mwenyewe. Hili nalisisitiza kuliko yote niliyoandika hapa.

Kila kitu kipe mahali pake pa kudumu, mkono uzoee. Kwenye Windows, kitufe cha Windows pamoja na Shift na mshale huhamisha dirisha hadi monita nyingine bila kugusa kipanya. Kwenye mikutano ya mtandaoni shiriki dirisha moja, usishiriki skrini nzima, hasa kama terminali yako ina funguo za siri.

Kama meza ni ndogo, monita moja pana ya inchi 34, yenye pikseli 3440 kwa 1440, inagawanyika vizuri mara mbili na inatumia kebo moja. Unachokosa ni ule urefu wa wima tu.